Siku tano za Toruń na shemeji wa Yanga

Nimerudi Manchester wiki ya pili hii, ndo nakaa kuandika, naunganisha vinoti vya kwenye simu na picha mia tatu na kitu ambazo nusu yake ni udongo unaoruka tu. Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu, spidwei. Kwa wasiojua ni mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye umbo la yai, madereva wanne, mizunguko minne, pikipiki ya cc 500 inakunywa methanoli na haina breki, sio mbovu, haina kabisa, hata ya mguu. Wakifika kona wanailaza ubavu, tairi la nyuma linachimba, mguu wa kushoto uliofungwa chuma chini ya kiatu unaburuzwa, wanazunguka hivyohivyo mpaka upande wa pili. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi na vumbi lake. Kama dakika moja hivi imeisha, wanakuja wengine wanne.

Mimi nilianza 2005, jamaa wa ghalani kazini alinipeleka Kirkmanshulme Lane, uwanja wa mbio za mbwa, Belle Vue Aces, timu ya spidwei ya Manchester, walikuwa wanakimbilia humo kabla hawajapata uwanja wao wa maana 2016. Toka siku hiyo sijapona. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko Leicester, huyu Morogoro alikuwa na bodaboda tatu anapokea hesabu kila jioni kwa hiyo pikipiki anazijua kuliko mimi. Nimemuonyesha spidwei kwenye TV mara nne, mara zote kalala. Na ana swali lake moja ambalo lilikuwa linaniuma kwa sababu sikuwa na jibu la kumwonyesha, "Shem, mbona anayetoka wa kwanza ndo anamaliza wa kwanza? Sasa tunaangalia nini?"

Nikamwambia tiketi juu yangu, twende Poland, mji wa Toruń, kwenye duru ya mwisho ya mashindano ya dunia ya spidwei.

Alhamisi, 28 Septemba 2023. Manchester mpaka Gdańsk

Kabla ya ndege niongelee viza kwanza maana wengi mtaniuliza. Mimi nina pasipoti ya Uingereza sikuhitaji kitu. Shemeji ana ya Tanzania na kibali chake cha kuishi Uingereza, na kibali hicho Poland hakisaidii chochote, lazima viza ya Schengen, mwaka huo wa 2023 ilikuwa euro 80 pamoja na ada ya kituo cha maombi, na shida sio hela, shida ni miadi. Sisi tulianza kutafuta miadi mwezi wa saba mwanzoni, pasipoti ikarudi zikiwa zimebaki siku tisa. Anzeni mapema jamani, msijidanganye.

Ndege ikachelewa masaa mawili, hakuna aliyetuambia sababu, tukala mkate wa tuna wa pauni tano kila mmoja ambao hata samaki mwenyewe angekataa kuhusishwa nao. Tumefika Gdańsk usiku. Askari wa uhamiaji mdada akamuuliza Shemeji anakuja kufanya nini, Shemeji kaanza "motorcycle, motorcycle" na mikono anakanyaga starter hewani, mdada kamkazia macho, mimi nyuma nikasema "żużel". Uso ukafunguka palepale, mhuri, karibu sana. Jifunzeni hilo neno, linatamkwa kama zhuzhel, ndo jina la spidwei kwao, maana yake yale mabaki ya makaa ya tanuri, kwa sababu zamani njia zilimwagwa hayo.

Hosteli zloti 140 chumba cha wawili. Pauni moja ilikuwa zloti tano na ushee.

Ijumaa, 29 Septemba. Gdańsk mpaka Toruń, kupitia baridi ya Bydgoszcz

Treni asubuhi mpaka Bydgoszcz hamna la kusimulia, mashamba, misitu, mashamba. Bydgoszcz tulitakiwa kubadilisha treni ndani ya dakika kumi na mbili, ile ya pili kwenye ubao ikaandikwa imechelewa dakika 20, mara 40, mara 70. Tumekaa kwenye benchi Shemeji kajikunyata kama kuku wa masika.

Nilikuwa nimevaa jaketi langu la Belle Vue. Mzee mmoja, kofia ya sufu, mkononi mfuko wa tufaha, kapita, karudi, kasimama mbele yangu ananyooshea kidole nembo. "Peter Collins!" Basi. Kiingereza hajui, Kipolishi mimi ninayo maneno kumi, lakini Peter Collins alikuwa dereva wa Belle Vue na ubingwa wa dunia wa 1976 aliuchukulia hukohuko Poland, Chorzów, na mzee kwa ishara akatuambia alikuwepo, mdogo hivi, begani kwa baba yake. Nikamjibu "Szczakiel", yule Mpolandi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, 1973, uwanja huohuo. Mzee akashika kifua. Akasema Gollob, akanyooshea kidole chini, yaani hapahapa mjini kwetu, Bydgoszcz ndo kwao Tomasz Gollob bingwa wa 2010. Tumeongea dakika arobaini na tano kwa majina ya watu tu. Kahawa mbili kanunua yeye, nilipotoa hela akanipiga kofi la mkono kama mtoto anayeiba mandazi, na treni ilipobadilishiwa jukwaa dakika ya mwisho bila tangazo tunaloelewa ni yeye aliyetukimbiza ngazini. Tufaha nne pia. Shemeji akaniuliza "Shem, huyu mnajuana?"

Kwa wanaofuata: msishuke Toruń Główny kama mnalala mji wa kale, iko ng'ambo ya mto Wisła, ulizeni kama treni yenu inafika Toruń Miasto, pale mnatembea kwa mguu na mabegi yenu. Sisi tulishuka Główny, tukavuka daraja na upepo.

Chakula mtafute bar mleczny, ni migahawa ya bei chee toka enzi za ujamaa wao, unachukua sinia unaelekeza kidole. Supu, pierogi na juisi ya matunda ya kuchemsha, watu wawili zloti 58. Waislamu angalizo: pierogi ruskie ndani ni viazi na jibini, halali yako, lakini wanaweza kukumwagia juu vipande vya mafuta ya nguruwe vya kukaanga, semeni mapema "bez skwarek". Sahani ya kwanza ya Shemeji ilirudi jikoni. Mama wa jikoni hakununa, kaleta nyingine kaongeza na siagi.

Usiku chumbani tukabishana tena. Nikamwambia tatizo sio mchezo tatizo ni mahali unapoangalizia. Mimi nimeangalia spidwei kwenye TV toka zile Jumatatu usiku za Sky Sports, nilikuwa nabadilishana zamu kazini ili niiwahi, na sisemi TV haijanipa kitu, Kelvin Tatum, mchambuzi wao, alinifundisha nusu ya ninachojua, mtu aliyeshika nafasi ya tatu duniani 1986 akikwambia kwa nini tairi limeshika pale na sio pale unamuamini, na marudio ya taratibu ya pale utepe wa kuanzia mbio unaporuka hayo uwanjani huyapati. Ila baada ya hapo spidwei imehama chaneli kama mpangaji asiye na kodi, leo huku kesho kule, na 2022 mashindano ya dunia yakaingia chini ya kampuni ya TV ya Discovery kwa mkataba wa miaka kumi. Mimi nalipia app moja sitaitaja, mwaka huu imenigandia mara mbili katikati ya fainali, kile kiduara kinazunguka kuliko hata madereva.

Lakini kuganda nasamehe. Nisichosamehe ni kamera kumfuata anayeongoza.

Jumamosi, 30 Septemba. Siku yenyewe

Asubuhi mji wa kale, sanamu ya Kopernik (yule wa dunia kulizunguka jua, kazaliwa hapa), mabango ya uchaguzi kila nguzo maana walikuwa wanapiga kura tarehe 15 Oktoba, Shemeji kapiga picha mabango mengi kuliko makanisa, anasema wagombea wote wana tabasamu la mtu aliyekukopa.

Saa kumi tukapanda basi kwenda Motoarena. Ukifika kaangalie jina la mtaa, ul. Pera Jonssona. Per Jonsson alikuwa Mswidi, bingwa wa dunia 1990, akiichezea Toruń akaanguka 1994 mwili ukapooza kuanzia kiunoni. Wamempa mtaa. Na uwanja wenyewe una jina la Marian Rose, dereva wa hapa aliyefia kwenye mbio 1970. Nilimweleza Shemeji akanyamaza muda kidogo, halafu kasema vijana wake wawili wa boda wameshalala hospitali ya mkoa miezi, na hata benchi hawajapewa jina.

Uwanja umefunguliwa 2009, watu kama elfu kumi na tano, paa limezunguka pande zote na njia ina urefu wa mita 325. Tiketi zetu zloti 190 kila moja. Ushauri: msinunue safu za chini mkidhani mtaona vizuri, mtaona udongo usoni. Panda juu, kaa usawa wa kona ya kwanza au kati ya kona na mstari wa kuanzia, hapo unaona wanne wote. Programu zloti 20 na kalamu uje nayo, huku watu hawaangalii mbio hivihivi, wanajaza pointi kila raundi kama wahasibu. Mwaka huo raundi zilikuwa 20 kwanza, madereva 16, kila mmoja anakimbia mara tano, nane bora walikuwa wanaenda nusu fainali mbili, halafu fainali.

Hadithi ya usiku ule mnaifahamu wengine. Mpolandi Bartosz Zmarzlik alikuwa anaongoza mbio za ubingwa wa dunia kwa pointi 24, wiki mbili nyuma kule Vojens Denmark akafutwa mashindano yote ya siku ile kwa sababu kwenye majaribio alivaa suti isiyokuwa ile rasmi. Suti! Uongozi ukashuka mpaka pointi 6, na anayemfukuza ni Mswidi Fredrik Lindgren, ambaye kwenye ligi ya Poland walikuwa timu moja, Lublin. Nilipomsimulia Shemeji akasema hata Mtibwa, timu ndogo ya mpira kwetu, hawawezi kufanyiwa hivyo.

Injini ya kwanza ikawaka. Kuna harufu, mashabiki wa zamani wanaijua, ile ya mafuta ya nyonyo yakiungua, TV haijawahi kuibeba na haitaibeba, mimi ilinipiga puani nikarudi 2005 palepale. Shemeji kavuta pumzi kasema "nyonyo hii, bibi alikuwa anatupaka." Ndo kitu cha kwanza alichokielewa kuhusu spidwei na hakukipata kwenye skrini.

Majina ya madereva yalimshinda, kwa hiyo akaenda na rangi. Helmeti ziko nne, nyekundu, bluu, nyeupe, njano. Yeye Yanga, kila raundi anamshangilia wa njano awe nani awe nani. Mimi Simba, basi nyekundu kwangu. Wapolandi wa pembeni, mume na mke wazee wenye mitandio ya Toruń, walishangaa mtu mweusi anapiga kelele "Yangaaa!" kwa Mdenmark.

Raundi nne za kwanza kwa kweli Shemeji alikuwa na haki yake, anayetoka wa kwanza anamaliza wa kwanza. Nikamwambia subiri trekta. Kila baada ya raundi nne trekta zinaingia kusawazisha njia na gari la maji linamwaga, kwenye TV huo ndo muda wa matangazo na watu wa studio, ukienda kuchemsha maji ya chai hujakosa kitu, au ndo wanavyotaka uamini. Uwanjani hakuna anayeondoka, wanaangalia udongo. Madereva wanasimama ukutani wanaangalia udongo. Maana kila raundi matairi yanasukuma udongo mlaini kwenda nje, baada ya raundi nane hivi kule karibu na uzio kunakuwa na tuta la udongo wenye mshiko, ndani kumekuwa kugumu na kunateleza, na dereva mwenye roho anaenda huko nje, njia ndefu, anachukua mshiko, anarudi na kasi ambayo wa ndani hana. Mchezo mzima uko hapo. TV inakupa matokeo ya huo udongo bila kukuonyesha udongo.

Trekta zikapita mara ya pili. Raundi iliyofuata, utepe ukaruka, nyekundu akachomoka, kona ya pili ameshaondoka na mbio zake. Sawa. Nyuma yake bluu wa pili, nyeupe wa tatu, njano wa mwisho kabisa. Shemeji akakaa chini. Mzunguko wa pili njano akaacha kona ya ndani akaenda nje, nje kabisa, yaani goti na ubao wa uzio unaweza kupitisha daftari, na tuta lile likamshika, katokea upande wa pili sambamba na nyeupe. Nyeupe akamfungia. Kona ya tatu akarudi tena nje, kampita. Sasa bluu. Bluu kaona, akapanda juu kumzibia, na njano, hapo ndo nilipomshika Shemeji bega, alikata gesi nusu sekunde akadumbukia ndani chini ya bluu, wakatoka wote wawili wamegusana viwiko, mzunguko mzima wa mwisho huyu nje huyu ndani, wamebadilishana nafasi mara tatu nilizohesabu mimi, Shemeji anasema nne. Tairi la mbele la njano likavuka mstari kwanza. Pointi mbili badala ya sifuri.

Shemeji karuka. Chai yake, kikombe kizima, juu ya programu yangu. Kurasa zote zimeshikana, wino umekuwa mto Wisła, ndo maana humu sina raundi na majina kamili msinilaumu. Yule mama wa Kipolishi akatoa tishu, akatoa na programu yao akaiweka katikati yetu tujazie pamoja, akampa Shemeji kalamu. Kuanzia hapo Shemeji ndo alikuwa mhasibu. Kila raundi anaandika, akikosea mama anamgonga kidole.

Yaliyobaki mnayo kwenye kumbukumbu, usiku uliisha Zmarzlik akiwa bingwa wa dunia mara ya nne. Wimbo wao wa taifa ukiimbwa na uwanja wenye paa unasikia mbavuni. Nilimwangalia mzee wa pembeni, hakuwa anaimba, alikuwa anamalizia kujumlisha pointi.

Mabasi usiku yamejaa, tulitembea karibu saa nzima mpaka mjini na umati, njiani kebab za kuku zloti 27, ndefu kama mkono. Shemeji ananiuliza habari za giya, za klachi, ile methanoli lita ngapi kwa raundi. Sikumjibu yote makusudi.

Jumapili, 1 Oktoba. Kila kitu kimefungwa

Jumapili nyingi Poland maduka yanafungwa kwa sheria, supamaketi zote, tulikuwa hatujui. Nunueni maji na chakula cha njiani Jumamosi. Tuliokolewa na kiduka cha Żabka kilichokuwa wazi, na yule mama mwenye nyumba tuliyolala, aliposikia tunaondoka na tumbo tupu katufungia mayai ya kuchemsha sita na mkate kwenye karatasi, hakutaka hata zloti. Maduka ya pierniki yalikuwa wazi kwa ajili ya watalii, ni mkate wa tangawizi na asali, ndo sifa ya mji, nimenunua pakiti tatu za zloti 60 kwa mke wangu na moja kapewa Shemeji akaimaliza kabla ya stendi.

Basi mpaka Gdańsk masaa mawili na nusu. Amelala, mimi pia.

Jumatatu, 2 Oktoba

Ndege asubuhi, kwa wakati, hamna la kusema. Usiku nikaingia zamu.

Gharama kwa mtu mmoja bila viza, ndege kwenda na kurudi pauni 74, kulala 58, tiketi ya uwanja kama 36, usafiri wa ndani 29, kula na zawadi 55 hivi. Mnajumlisha wenyewe.

Jumapili iliyofuata, sebuleni kwangu

Shemeji kapanda treni toka Leicester, kaja na tufaha, anacheka mwenyewe, anataka kuona raundi yake. Nikafungua marudio kwenye ile app, ikaganda, ikafunguka, tukasogeza mpaka baada ya trekta za pili. Utepe ukaruka. Nyekundu kachomoka, na kamera nayo ikachomoka naye. Mzunguko wa kwanza nyekundu. Wa pili nyekundu, peke yake, barabara nyeupe mbele yake. Mtangazaji kapandisha sauti, anaona kitu sisi hatukioni, pembeni ya skrini kushoto kikatokea kipande cha helmeti ya njano kikapotea. Mzunguko wa tatu nyekundu. Wa nne wakakata picha kwa mbali sekunde mbili, viduchu viwili vimegandana nyuma, wakarudi kwa nyekundu anainua mkono. Matokeo yakaandikwa chini, njano wa pili.

Shemeji kaniangalia. "Ndo hii?"

"Ndo hii."

Akachukua rimoti akarudisha nyuma, akaangalia tena mpaka mwisho, akaiweka mezani.

"Shem, hii kamera ni ya Simba."